Maji yamepita maabara, lakini tope lake je?

SWALI: Nalima mboga ekari moja (mchicha, nyanya na vitunguu) na mpunga nusu ekari kando ya mto, mkoani Geita. Kilomita kama tatu juu yangu kuna mialo ya kuoshea dhahabu, makarasha (mashine za kusaga mawe) na plenti mbili za kuchenjua marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kuoshwa dhahabu. Julai nilipeleka chupa ya maji maabara. Majibu yalikuwa pH (kipimo cha asidi, 7 ikiwa katikati) 7.4, aseniki miligramu 0.008 kwa lita, risasi chini ya 0.01, zebaki "haikuonekana". Nikaambiwa yanafaa kumwagilia. Lakini mvua zikianza mto unakuwa wa kijivu kama uji, na mwaka jana tuliamka tukakuta samaki na vyura wamekufa. Niendelee au niache?

JIBU: Ndugu mkulima, endelea, ila si kwa namna unavyofanya sasa. Nyanya na vitunguu vinaweza kubaki ukimwagilia kwa maji yaliyotuama kwanza. Mchicha uhamishie mahali pengine. Mpunga unahitaji kubadilishiwa utaratibu wa maji. Na siku za mvua za kwanza, pampu isiwashwe kabisa.

Karatasi uliyopewa na maabara si ya uongo. Imejibu kuhusu maji ya Julai, wakati wa kiangazi, mto ukiwa mwembamba na umetulia. Pengine pia maji hayo yalichujwa kabla ya kupimwa, kwa sababu baadhi ya maabara hupima metali zilizoyeyuka tu. Shambani hali ni nyingine: pampu yako inavuta maji pamoja na tope. Katika mito iliyo chini ya machimbo ya dhahabu, sehemu kubwa ya zebaki na risasi, na mara nyingi aseniki pia, husafiri imeng'ang'ania chembe za tope.

Tupige hesabu ya shamba lako. Mboga kwenye hali ya hewa ya Geita hunywa wastani wa milimita 5 kwa siku, yaani mita za ujazo 20 kwa ekari. Ukimwagilia siku 100 kwa msimu, misimu miwili, umeweka mita za ujazo 4,000 kwa mwaka. Kwa aseniki ya 0.008 iliyo kwenye cheti chako, hiyo ni gramu 32 tu kwa ekari. Sasa chukulia maji yenye gramu 1 ya tope kwa lita, kiasi ambacho mto wa kijivu hukifikia kwa urahisi. Mita 4,000 hizo zinakuletea tani 4 za tope shambani. Tope hilo likiwa na aseniki miligramu 60 kwa kilo, tayari ni gramu 240, mara saba na nusu ya ile ambayo maabara iliiona. Hiyo 60 ni mfano wa hesabu. Ya kwako utaipata kwa kupima tope lenyewe.

Gramu 240 zikichanganyika sawasawa na udongo wa juu wa sentimita 20, ambao kwa ekari ni kama tani 1,050, zinaongeza miligramu 0.23 kwa kilo kila mwaka. Si kitu cha kukufanya ung'oe mazao leo. Tatizo ni mambo mawili. Kwanza, metali haziozi wala hazipotei, kwa hiyo kinachoingia kinabaki. Pili, tope halijigawi sawasawa: hutua pale maji yanapopunguza kasi, yaani kwenye matuta ya kwanza karibu na mdomo wa mfereji na kwenye jaruba la kwanza. Matuta hayo machache yanaweza kubeba mzigo wa shamba zima, na mara nyingi ndiyo mtu hupanda mboga za nyumbani kwa sababu yana maji muda wote.

Japani walilijua hili kwa gharama kubwa. Kadimi, metali nzito yenye sumu, kutoka mgodi wa Kamioka iliteremka na Mto Jinzu hadi kwenye mashamba ya mpunga ya Toyama, ikaingia kwenye wali, na watu waliokula wali huo kwa miaka mingi wakapata ugonjwa wa mifupa na figo ulioitwa itai-itai. Serikali ilitambua chanzo chake mwaka 1968. Kurekebisha udongo wa mashamba yale, hasa kwa kuufukia chini ya udongo safi, kulianza 1979 na kukamilika 2012. Mto husafika mapema kuliko shamba.

Kwa hiyo anza kwa kupima tope. Hatua ya kwanza haihitaji maabara. Siku ambayo mto umechafuka kiasi cha kawaida, teka ndoo ya lita 20 pale mdomo wa pampu unapokaa. Funika, iache usiku kucha, asubuhi mwaga maji ya juu polepole bila kutibua. Tope lililobaki likaushe juani kwenye sinia la plastiki, kisha lipime kwenye mizani ya duka. Gramu 20 maana yake ni gramu 1 kwa lita, ile ya hesabu ya juu. Rudia mara mbili au tatu kwa siku tofauti. Tope lilelile kavu, la ndoo zote pamoja, lifunge kwenye mfuko safi wa plastiki na ulipeleke maabara wapime aseniki, zebaki, risasi, kadimi na shaba. Teka jingine kwa njia hiyohiyo juu ya mialo, mahali ambapo uchimbaji haujafika. Hili la juu ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu miamba ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa ina aseniki ya asili, na bila kulinganisha utailaumu mialo kwa kilicholetwa na mlima. Tope la chini likizidi la juu mara tatu au nne, jibu umelipata. Kama unataka namba ya kushikia, wataalamu wa viumbe wa mitoni huanza kuhesabu madhara kuwa na uwezekano mkubwa tope linapozidi miligramu 33 za aseniki, 128 za risasi au takriban 1 ya zebaki kwa kilo.

Maji nayo yarudie kupimwa, safari hii siku ya mvua kubwa ya kwanza ya vuli, Oktoba au Novemba, saa chache baada ya mto kupanda. Mvua hiyo ndiyo inayokomba vumbi la makarasha na marudio yaliyolala miezi yote ya kiangazi. Simama ukitazama mto unakotoka, zamisha chupa sentimita 20 hadi 30 katikati ya mkondo, mdomo ukielekea huko unakotoka, bila kukanyaga tope la mbele yako. Chupa za kupimia metali ziwe za plastiki mpya, zisuuzwe mara tatu kwa maji ya mto huo huo, ziwekwe asidi ya naitriki mpaka pH iwe chini ya 2 (kama mililita 2 za asidi kali kwa lita, maabara wakupe chupa ambazo tayari zimewekwa, usishike asidi hiyo nyumbani, na chupa za namna hiyo usizisuuze). Chupa isiyowekwa asidi ikikaa siku tatu kwenye basi, metali hushika ukuta wa chupa, na unachopimiwa ni maji yaliyopungukiwa. Omba vipimo viwili kwa kila metali: jumla, yaani maji na tope lake, na iliyoyeyuka, yaani ya maji yaliyochujwa kabla ya kuwekwa asidi. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo mzigo wa tope.

Kuhusu lile neno "haikuonekana", uliza: mashine yenu inaanza kuona kuanzia wapi? Mashine ya kawaida ya mwali haiwezi kuona aseniki ya chini inayotakiwa kwa maji ya kunywa; inahitaji njia ya haidraidi. Zebaki inahitaji njia ya mvuke baridi. Kisichoonekana kwa mashine isiyofaa kinaweza kuwepo kabisa. Tena, mwongozo wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) wa mwaka 1985 ambao wengi huutumia kuamua kama maji yanafaa umwagiliaji una aseniki (0.1), kadimi (0.01), shaba (0.2) na risasi (5.0), zote miligramu kwa lita, lakini zebaki haimo kabisa kwenye orodha ile. Maji yoyote yatafaulu kwa kipimo ambacho hakipo.

Tazama pia hiyo risasi: 5.0 kwa umwagiliaji, lakini mwongozo huohuo unataka isizidi 0.1 kwa maji ya mifugo, na Shirika la Afya Duniani linataka 0.01 kwa maji ya kunywa. Kwa hiyo aliyekuambia "yanafaa" alimaanisha mfereji, si ng'ombe wala mtoto anayeogelea na kunywa shambani. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua kwa mvuke na metali zinabaki, nzito kuliko mwanzo.

Samaki na vyura waliokufa ni habari nyingine. Samaki wakionekana wanapumua juu ya maji alfajiri na wakubwa kufa kwanza, mara nyingi ni upungufu wa hewa majini. Wakifa wa kila ukubwa kwa saa chache, pamoja na vyura, na maji pengine yakiwa maangavu, fikiria sumu, na chini ya plenti za marudio ya kwanza kushukiwa ni sianidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu. Chini ya miligramu 0.2 kwa lita inatosha kuua samaki wengi. Ndani ya plenti huzuiwa isiruke kwa chokaa inayoshikilia pH juu ya 10. Ikimwagika mtoni pH hushuka, inageuka gesi ya sumu iliyoyeyuka majini, kisha jua na hewa huivunja ndani ya siku chache. Ndiyo maana ukipeleka chupa wiki moja baadaye hupati kitu. Sianidi haijilimbikizi kwenye udongo kama metali, lakini ina ubaya wake wa pembeni: marudio ya wachimbaji wadogo mara nyingi bado yana zebaki, na sianidi huiyeyusha na kuiteremsha mtoni kirahisi zaidi. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania ni mwanachama, umeutaja uchenjuaji wa namna hii bila kuondoa zebaki kwanza kuwa miongoni mwa njia mbaya zinazopaswa kukomeshwa.

Ikitokea tena, zima pampu hapohapo na zuia watu na mifugo wasinywe, na samaki wale wasiokotwe kuliwa. Weka tayari nyumbani chupa ya rangi nyeusi au iliyofungwa kwa karatasi ya foili, na punje za kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, pamoja na karatasi za kupimia pH. Vaa glovu na miwani, teka maji, weka punje mbili tatu mpaka karatasi isome 12, funga, weka kwenye ndoo ya barafu gizani. Hivyo sampuli inakubalika hadi siku 14. Piga picha zenye saa, mjulishe mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo, na ripoti kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo yenye uzito ikifika mahakamani. Pampu usiiwashe mpaka wiki ipite na sampuli ya pili iwe safi.

Asidi ya migodi kwa sasa huna, pH 7.4 inasema hivyo. Ifuatilie hata hivyo, kwa sababu mawe yenye pairaiti, yale yanayong'aa kama dhahabu, yakipata hewa na maji hutoa asidi ya salfuriki miaka mingi baada ya uchimbaji. Mwaka 2009 maji ya asidi kutoka eneo la mgodi wa North Mara, Tarime, yalifika Mto Tigithe. Dalili yake ya mapema ni salfeti (chumvi itokanayo na asidi hiyo) kupanda mwaka hadi mwaka huku pH ikiwa bado nzuri. Ya kuchelewa ni mawe kuvaa kutu ya rangi ya machungwa na maji kuwa maangavu mno, bila hata mwani. Omba salfeti kwenye kila kipimo. Ni ya bei ndogo.

Sasa bwawa la kutulizia, ambalo ndilo litakuokoa zaidi. Ekari moja inataka mita za ujazo 20 kwa siku, kwa hiyo chimba mawili ya mita 8 kwa 5, kina cha mita 1 ya maji na sentimita 40 zaidi chini kwa ajili ya tope. Moja linatulia wakati jingine linatumika, kila moja linakutosha siku mbili. Tandika turubai la plastiki nene; bila hilo kingo zinamomonyoka na unarudisha tope ulilolikimbia. Maji yaingie upande mmoja kupitia gunia la mawe linalovunja kasi. Mpira wa kuvutia uufunge kwenye dumu tupu la lita 5 ili uelee, mdomo ukikaa sentimita 30 chini ya uso, upande wa pili wa bwawa. Kosa la kawaida ni kutupa mpira chini kabisa: unavuta kile kile ulichokuwa unakitega.

Uwe na matarajio sahihi. Chembe ya milimita 0.02 inashuka mita 1 kwa dakika 45 hivi. Chembe ya mfinyanzi ya milimita 0.002 inahitaji siku tatu, na hiyo ndogo ndiyo inayobeba metali nyingi zaidi kwa kila gramu. Maji yakibaki ya kijivu baada ya siku mbili, tumia shabu. Jaribu kwanza kwenye chupa nne za maji ya bwawa, kwa viwango vya gramu 20, 40, 60 na 80 kwa kila mita ya ujazo, utikise dakika moja, uache nusu saa, uchague kiwango kidogo kabisa kinachong'arisha. Mara nyingi huondoa na sehemu ya aseniki. Ila hushusha pH, kwa hiyo maji yenye pH chini ya 6 usiyatie shabu bila chokaa. Tope la bwawani usilirudishe kwenye matuta kama mbolea. Najua ni desturi kuzoa tope la mfereji na kurutubishia bustani, na kwenye mito mingine ni jambo jema. Kwenye mto wako hilo ndilo la kwanza kuacha. Lifukie kwenye shimo mbali na kisima, lililofunikwa na udongo wa nusu mita.

Kabla ya kuchimba, pima umbali: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na pampu inahitaji kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Bonde. Mkulima asiye na kibali hupoteza nguvu pale anapotaka kulalamika juu ya wenye mialo. Ndani ya hizo mita 60 acha majani yenye mizizi mizito, mfano vetiva, yazuie tope la mafuriko. Ng'ombe wasilishwe majani hayo yakiwa na tope.

Ukifikiria kisima badala ya mto, ni wazo zuri, udongo huchuja tope. Lakini kipimwe aseniki kwanza, kwa sababu maji ya ardhini ya Geita huwa nayo yenyewe katika baadhi ya maeneo.

Mazao: mchicha huvuta kadimi kwa kasi kuliko karibu mboga zote unazozijua, na majani yake mapana hushika tope linaloruka. Spinachi na chainizi ni hivyo hivyo. Nyanya, bamia, maharage na mahindi hupeleka metali kidogo sana kwenye tunda na punje. Risasi ya kwenye mboga kwa kiasi kikubwa ni udongo ulioshikilia nje, kwa hiyo osha kwa maji safi mara tatu, menya vitunguu ganda la nje, na tumia mipira ya matone badala ya kurushia maji juu ya majani.

Udongo upimwe sehemu mbili tofauti: matuta ya kwanza mdomoni mwa mfereji peke yake, na shamba lililobaki peke yake. Kila sehemu chukua vitobo 12 vya kina cha sentimita 20, changanya, toa nusu kilo. Tumia mwiko wa plastiki au mbao. Koleo la bati lililopakwa zinki linaharibu kipimo. Kama pH ya udongo iko chini ya 6, weka chokaa ya kilimo kuifikisha 6.5, ambayo kwa udongo wa kichanga ni kama tani 1 hadi 2 kwa hekta. Kadimi na risasi zitafungwa. Usivuke 7, aseniki huanza kulegea. Vivyo hivyo mbolea ya fosfeti: inafunga risasi lakini inaisukuma aseniki nje, kwa hiyo weka kwa kiwango cha zao tu, usiongeze ukidhani ni dawa.

Mpunga nimeuacha mwisho kwa sababu ndio unaonipa wasiwasi. Jaruba lililofurika muda wote halina hewa. Kutu ya chuma inayoshikilia aseniki huyeyuka, aseniki inaingia kwenye mizizi. Na vijidudu vya tope hilo lisilo na hewa hugeuza zebaki kuwa metilizebaki, aina inayoingia mwilini na kudhuru ubongo, hasa wa mtoto aliye tumboni. Mpunga huipeleka hadi kwenye punje. Tiba ni kulowesha na kukausha kwa zamu, kama wafanyavyo wa kilimo shadidi. Zika bomba la plastiki lenye matundu, urefu sentimita 30, nusu likiwa ardhini. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, ndipo umwagilie tena mpaka sentimita 5 juu. Wiki moja kabla na moja baada ya kuchanua, acha maji yasimame, usije ukapoteza mavuno.

Kuna sharti moja. Kukausha kunapunguza aseniki na metilizebaki lakini kunafungulia kadimi. Kwenye eneo la dhahabu kama lako wawili wa kwanza ndio wa kuhofia, ila hakikisha kipimo cha tope kinaonyesha kadimi iko chini, tuseme chini ya miligramu 1 kwa kilo, kabla hujabadilisha. Ikiwa juu, pamoja na aseniki, jaruba la kwanza libadilishe liwe la mahindi. Na mavuno yajayo peleka mchele robo kilo upimwe: viwango vya kimataifa vya chakula, vya Codex, kwa mchele uliokobolewa ni miligramu 0.2 kwa kilo kwa aseniki isiyo ya kikaboni na 0.4 kwa kadimi. Kipimo hicho kimoja kinakuambia kile ambacho vipimo vyote vya maji vinakisia tu. Kama pesa inatosha kipimo kimoja mwaka huu, lipia cha tope. Mwaka ujao, cha mchele wa jaruba la kwanza.